Maneno Haya ni ya Nani?

Katika mji wa Kasongo, nyumba ya mwalimu Iliasi inajulikana kwa kelele. Jua halijapanda vizuri, watoto wa madrasa wamekwisha kujaa barazani, na kila mmoja anasoma sura yake kwa sauti ya juu. Nyuma ya nyumba, mkewe Bi Aziza anapepeta mchele wa kupeleka sokoni. Mgeni akikaa pale asubuhi moja, masikio yanamlia mpaka jioni. Wenyewe wamezoea.

Faridah ni binti yao wa kwanza. Ana miaka ishirini. Alianza kukaa kwenye baraza ile kabla hajaota meno ya ukubwani, na kichwa chake, wallahi, kilikuwa cha ajabu. Msomee ukurasa mara tatu. Mara ya nne anakusomea yeye, na wewe unashika kitabu kumfuata. Haachi neno, haongezi neno. Baba yake alimfundisha hivyo. Maneno ya mwalimu ni amana, alisema. Yapokee mazima, yatoe mazima. Watoto wengine walichapwa kwa kusahau. Faridah hakuchapwa hata siku moja.

Kwa kichwa hicho alipita sekondari bila jasho, na mwaka huu akaingia chuo kikuu kusomea biashara. Ni wa kwanza katika ukoo mzima. Siku ya kwanza mama yake alimsindikiza hadi langoni. Akabaki pale na kikapu chake, anaangalia vijana wakiingia na madaftari, mpaka mlinzi akamuuliza kama amepotea.

Mwezi wa pili, walipewa kazi ya kuandika nyumbani. Wanafunzi wanaiita tepe. Aliyeitoa ni asista Michel, mwalimu kijana wa somo la uuzaji. Swali lilikuwa fupi: mfanyabiashara mdogo wa Kasongo anafanya nini ili mteja arudi? Waandike kurasa tano kwa wiki mbili.

Faridah akaenda maktaba. Akapata kitabu cha Profesa Zéphirin, mtu wa Kinshasa, chenye sura nzima juu ya wateja. Kifaransa chake kilikuwa kitamu, kinateleza. Akaisoma sura hiyo mara tatu, akarudisha kitabu, akaenda nyumbani. Hapo akakaa mkekani, akaandika kurasa tano bila kusimama. Hakufuta hata neno moja. Alipomaliza akaenda kumsaidia mama yake kupepeta, huku anaimba.

Wiki iliyofuata tepe zilirudishwa. Kwenye ya Faridah, juu kabisa, palikuwa na sifuri. Chini ya sifuri, kwa wino mwekundu, asista aliandika swali: "Maneno haya ni ya nani?"

Asista Michel si mtu mbaya. Hakutaja jina. Lakini alisimama mbele ya wanafunzi wote sitini na wawili, akasema kuna mtu humu amechukua kurasa za profesa, neno kwa neno, akaandika jina lake juu. Chuo kikuu, alisema, jambo hilo lina jina moja tu, nalo ni wizi. Faridah alikuwa bado ameshika karatasi yake. Jirani yake wa benchi, Deborah, alikwisha kuiona ile sifuri.

Baada ya somo asista akamwita pembeni. Akampa siku kumi aandike upya. Akirudia kosa lile, ataitwa mbele ya baraza la walimu, na anayeonekana na hatia pale anapoteza mwaka.

Basi Faridah alitembea kwenda nyumbani na neno hilo moja: mwizi. Jamani, na nyumbani kwenyewe ni wapi? Ni kwa mwalimu Iliasi. Watu wakisafiri kwenda Kabambare wanaacha vitu vyao kwake, na wanakuta kila kitu pale pale, hata kama wamekaa miezi sita. Leo binti wa nyumba hiyo anaitwa mwizi. Chakula hakikupita. Akamdanganya mama yake kwamba jino linauma.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuelewa kosa lake. Alipokuwa anaandika, hakuwa na kitabu mbele yake. Kila neno alilitoa kichwani. Na lile la profesa hakuliharibu hata kidogo, alilibeba kwa adabu zote. Sasa amemuibia nani? Swali lile la wino mwekundu aliliona la kitoto. Kila mwalimu anajua maneno ni ya nani, ndiyo maana yanakaririwa.

Kesho yake Deborah akamwambia habari za chumba kimoja kando ya maktaba. Mlangoni pameandikwa "Msaada wa Masomo". Wanafunzi wakorofi wanakiita chumba cha wagonjwa, na hakuna anayetaka kuonekana anaingia.

"Mimi naingia kila wiki," Deborah alisema. "Hawa wanaocheka, ni woga tu iko nawasumbua."

Ndani ya chumba hicho alikuwa Mama Consolée. Ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, miwani yake inaning'inia kifuani kwa uzi. Alifundisha miaka mingi kwenye shule ya masista kabla ya kuja kuwasaidia wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Alisoma tepe ya Faridah polepole. Akaleta kitabu cha profesa, akaviweka kimoja kando ya kingine. Akauliza kitabu kilikuwa wapi wakati wa kuandika. Faridah akajibu kilikuwa hapa maktaba. Mama Consolée akamwangalia juu ya miwani, akasema uongo si mzuri, hasa mahali mtu anapokuja kuomba msaada.

"Mama, nijaribu," Faridah akasema.

Mama Consolée akafungua sura ya wateja. Faridah akafumba macho, akaanza. Kidole cha Mama Consolée kilifuata mistari. Ukurasa wa kwanza ukaisha, akafunua wa pili. Wa pili ukaisha, akafunua wa tatu. Katikati ya ukurasa wa tatu kidole kilisimama. Alivua miwani, akafanya ishara ya msalaba. Alikuwa amefundisha miaka ishirini na minane, alisema baadaye, na kitu kama hicho hajakiona.

Kisha akafunga kitabu. "Sasa niambie kile ukurasa huu unasema. Kwa Kiswahili. Kama unamwambia mama yako."

Faridah akafungua mdomo. Kifaransa kilikuja chote, safi, kwa mpangilio. Kiswahili hakikuja. Akajaribu tena. Ukurasa mzima ulikuwa kichwani mwake, lakini ulikuwa kama gunia lililoshonwa, halina pa kutia mkono. Aliona aibu kuliko siku ile ya sifuri.

Mama Consolée hakumcheka. Alisogeza kiti, akamweleza taratibu. Alisema hivi. Mtu akisoma karatasi yenye jina lako, anaamini kila neno ndani yake ni lako. Kama kuna neno la mwingine, mwambie msomaji hapo hapo: hili ni la fulani, liko katika kitabu fulani, ukurasa fulani. Ukilichukua vilevile lilivyo, liwekee alama hizi mbili, moja mbele na moja nyuma. Ukilisema kwa maneno yako mwenyewe, alama huweki, lakini jina la mwenye neno linabaki. Usipofanya hivyo, hata kama moyo wako ni mweupe, msomaji amedanganywa.

"Na ukishamaliza kumtaja profesa," aliongeza, "ndipo tunataka kukusikia wewe. Katika kurasa zako tano, mimi nimekutafuta wewe, sijakuona."

Akamfundisha na njia ya kufanya kazi. Akatoa vipande vya karatasi ngumu, vidogo, vinavyoitwa fishi. Juu ya fishi andika kwanza jina la mwenye kitabu, jina la kitabu na ukurasa. Soma. Funga kitabu. Andika ulichoelewa kwa maneno yako. Halafu fungua tena, uangalie kama hukumsingizia mwenye kitabu. Faridah akajaribu mara ya kwanza, akajikuta ameandika vilevile. Mara ya pili, mkono ukakataa kabisa.

"Kwetu," akasema, na sauti yake ilikuwa karibu ya kulia, "kubadilisha maneno ya mwalimu ni kumkosea."

Mama Consolée alifikiri. Akakiri kwamba yeye ni Mkatoliki na mambo ya madrasa hayajui. "Lakini baba yako ni mwalimu. Yeye maneno yake aliyapata kwa nani? Na anafanyaje ili watu wayaelewe? Nenda ukamuulize. Na usimfiche kitu."

Hapo ndipo penye kazi. Kumwambia mwalimu Iliasi kwamba binti yake ameitwa mwizi, afadhali kuvuka mto Lualaba kwa kuogelea. Faridah alizunguka siku mbili. Alhamisi mchana akamkuta baba yake barazani peke yake, anashona majalada ya vitabu vya watoto kwa sindano kubwa. Akapiga magoti, akasema yote. Hata neno lile alilisema.

Sindano ikasimama. Faridah aliangalia chini, anangoja.

"Ulimtaja?" baba yake akauliza.

"Nani, baba?"

"Mwenye maneno."

"Hapana."

Mwalimu Iliasi akavuta pumzi. Akaingia ndani, akakaa kidogo, akatoka na kitu kimefungwa kwa kitambaa cheupe. Ilikuwa karatasi ndefu, imekunjwa mara nyingi, kingo zake zimeliwa. Imeandikwa kwa herufi za Kiarabu kutoka juu hadi chini. Faridah alijua kwamba baba yake ana karatasi kama hiyo. Hajawahi kuonyeshwa.

"Hii nilipewa siku niliporuhusiwa kufundisha," alisema. "Sikiliza." Akaanza kusoma. Mimi Iliasi nilisoma kwa mwalimu Baraka wa Kabambare. Mwalimu Baraka alisoma kwa mwalimu wake, hapa hapa Kasongo. Yule alisoma kwa sheikh mmoja wa Ujiji, ng'ambo ya ziwa. Sheikh yule alisoma kwa mtu wa Unguja. Mtu wa Unguja alisoma kwa mtu wa Hadhramaut. Majina yaliendelea. Kila jina lilikuwa na mji wake, na jina la aliyekuwa mbele yake. Yalivuka bahari, yakapita jangwa, yakarudi nyuma miaka mia, miaka mia tatu, miaka mia saba.

Nywele za Faridah zilimsimama. Alikuwa amekaa kwenye mkeka uliochakaa, Kasongo, barabara ya kwenda soko kubwa, na watu hawa wote walikuwa wanapita mbele yake mmoja baada ya mwingine. Hakuna hata mmoja aliyesema maneno haya ni yangu. Kila mmoja, kabla ya kufungua mdomo, alisema kwanza amepokea kwa nani. Kwa njia hiyo tu maneno yalifika hadi barazani kwao. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta.

Baba yake alikunja karatasi. "Mutu anayefundisha bila kutaja aliyemfundisha, sisi ndiye tunamwita mwizi. Asista wako hakukosea. Mimi nilikufundisha kubeba maneno. Kutaja uliyempokea sikukufundisha, nilisema bado mutoto. Kosa hili, nusu yake iko yangu."

Faridah akauliza lile lililobaki, la kubadilisha. Mwalimu Iliasi akacheka mpaka akakohoa.

"Kila alhamisi baada ya sala ya alasiri, mimi ninafanya nini?"

Anafanya darsa. Hilo mji mzima unalijua. Anasoma aya moja kwa Kiarabu, herufi haiguswi. Kisha anafunga kitabu, anaieleza kwa Kiswahili cha Kasongo, kwa mifano ya mpunga na baiskeli, na kila mara anasema fulani ameifahamu hivi, na fulani ameifahamu vile.

"Je, nimebadilisha maneno ya Mungu?"

"Hapana, baba. Umeyaeleza."

"Basi na maneno ya profesa wako yaeleze. Yeye si Mungu."

Siku hiyo Faridah alikaa nyuma ya pazia la wanawake, akasikiliza darsa aliyoisikiliza tangu utoto. Ilikuwa kana kwamba anaisikia leo tu. Baba yake alikuwa anafanya mbele ya watu, bila karatasi, kila kitu alichoeleza Mama Consolée.

Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni pa chumba cha wagonjwa kabla hakijafunguliwa, na hakujali nani anapita. Akasoma ukurasa. Akafunga kitabu. Akaandika mistari mitatu, imepinda, Kifaransa chake kinachechemea. Mama Consolée akasoma, akasema ni mbaya, lakini ni yake. Faridah aliikumbuka sifa hiyo kuliko sifa zote alizopata sekondari.

Walipofikia fishi ya nne, Mama Consolée akauliza: profesa anasema mteja anarudi kwa sababu ya bei. Je, soko la Kasongo ni hivyo? Faridah ni mtoto wa muuza mchele, amekula mchele wa soko hilo miaka ishirini, na hakujua. Mama Consolée akampa fishi tupu, akamtuma sokoni. Akae, aangalie, aandike anachokiona, si anachofikiri atakiona.

Alikaa na mama yake asubuhi mbili. Bi Aziza alishangaa, akamtania kwamba leo chuo kikuu kimekuja kujifunza kupima mchele. Faridah akaangalia. Wauzaji wengi wanapima kopo, mteja anaomba nyongeza, muuzaji ananung'unika, kisha anamrushia ukonzi mdogo wa kiganja. Bi Aziza hafanyi hivyo. Yeye anaanza na nyongeza. Mteja hajasema kitu, tayari ameona ukonzi wa mchele unaingia mfukoni mwake, ndipo kopo linafuata. Faridah ameona mkono ule tangu utoto, na hajawahi kuuliza kwa nini.

Sasa akauliza. Mama yake alijibu bila kuinua kichwa, anaendelea kupima.

"Mutu harudi kwa sababu ya bei, bei iko moja soko nzima. Anarudi pale ambapo hakulazimika kuomba."

Faridah aliandika upesi. Alikuwa amesoma sura nzima ya profesa, na jambo hili halikuwemo.

Lakini pembeni kulikuwa na Kahindo, mwanamke wa Butembo aliyefuata biashara ya wachimba dhahabu, naye anauza mchele. Yeye akacheka. Kwake, alisema, nyongeza haina faida. Wateja wake ni watu wa pikipiki wanaokwenda machimboni Lusangi. Wanapita leo, mwezi ujao wako Kabambare au hawajulikani waliko. Hao hawataki ukonzi, wanataka kuondoka. Kwa hiyo yeye anafunga mchele mapema kwenye mifuko, mtu anachukua bila hata kuzima pikipiki.

Basi Faridah akarudi na fishi tatu zinazogombana. Profesa anasema hivi, mama yake anasema vile, Kahindo anasema kingine. Alimuuliza Mama Consolée nani mkweli. Mama Consolée akamjibu kwamba hapo sasa ndipo penye tepe. Aziweke zote mezani, aangalie, aseme yeye anaona nini. Faridah akaziangalia karibu saa nzima. Mwishowe akasema polepole kwamba labda mama yake na Kahindo wote wana haki, maana bei ni moja soko zima. Mchimbaji anayepita anataka haraka, mwenyeji anayebaki anataka heshima. Muuzaji ajue kwanza aliye mbele yake ni mtu wa kupita au wa kurudi.

"Na hayo ni ya nani?" Mama Consolée akauliza.

Faridah akatafuta kwenye fishi zake, hakuyaona popote. Akainua macho.

"Ni yangu," akasema, na yeye mwenyewe aliogopa kidogo kulisema.

Kulibaki jambo moja. Profesa ana kitabu, atatajwa kwa kitabu. Mama yake hana kitabu, atatajwaje? Mama Consolée akashangaa swali lenyewe. Mtu ametoa elimu, anatajwa, kwisha. Andika jina lake, kazi yake, mahali mlipozungumza na tarehe. Faridah akaandika: Aziza Hemedi, muuza mchele, soko la Kasongo. Akaandika na Kahindo vilevile. Aliyaona majina hayo chini ya karatasi, pamoja na la profesa wa Kinshasa, akabaki anayatazama kwa muda mrefu.

Kabla ya kuitoa, alimsomea mama yake sehemu inayomhusu, akiieleza kwa Kiswahili. Vizuri alifanya hivyo. Bi Aziza akamsimamisha. Faridah alikuwa ameandika kwamba mama yake anampa kila mteja nyongeza.

"Si kila mutu. Anayekuja na kelele, ananitukania muchele yangu mbele ya watu, huyo simpi. Ukiandika nampa, Kasongo nzima itaniambia mutoto wako iko muongo."

Faridah akafuta, akaandika ilivyo. Akajifunza kwamba hata maneno ya mama yanaweza kupambwa mpaka yakaacha kuwa ya mama.

Siku ya kumi akatoa tepe yake. Kwa wiki nzima iliyofuata hakuna aliyemwambia kitu. Kila alipomwona asista Michel mbali, alipita njia nyingine.

Halafu wakaingia darasani, na asista hakugawa karatasi. Alichukua chaki, akaandika ubaoni: "Mteja anarudi pale ambapo hakulazimika kuomba." Akarudi nyuma hatua mbili, akaisoma mwenyewe. Akasema amefundisha somo hili miaka minne kwa vitabu vya mbali, na kila siku anapita soko lile lile, hajaona jambo hilo. Akasema tepe yenye sentensi hii ameipa kumi na sita juu ya ishirini. Kisha akaandika chini ya sentensi: Faridah Iliasi, mwaka wa kwanza.

Jina lake lilikuwa ubaoni. Si wiki nyingi tangu alipokaa darasa lile lile na sifuri yake, akisikia neno wizi. Deborah akampiga kiwiko. Angeweza kukaa kimya, nani angemlaumu? Lakini mkono wake ulipanda wenyewe. Tangu azaliwe hajawahi kumnyoshea mkono mwalimu ili kumsahihisha.

"Asista, samahani," akasema. "Hayo si yangu. Nimeyapokea kwa Aziza Hemedi, muuza mchele, soko la Kasongo. Imeandikwa ukurasa wa tatu. Yangu ni yale ya ukurasa wa tano."

Darasa zima likageuka kumtazama. Asista Michel akafungua ukurasa wa tatu. Akaangalia ubao, akaangalia karatasi, akacheka kwa aibu, akasema amekamatwa kwa kosa lake mwenyewe. Akafuta. Akaandika upya, kwa herufi kubwa: Aziza Hemedi, muuza mchele, Kasongo. Chini yake akaandika mawazo ya ukurasa wa tano, na hapo akaweka jina la Faridah. Kalamu sitini na kitu zikainama, zikanakili kila kitu, pamoja na majina.

Siku zilizofuata, mlango kando ya maktaba ulikuwa na foleni. Mama Consolée alilazimika kuomba benchi la pili. Jina la chumba cha wagonjwa likafa lenyewe, maana aliyelitoa alionekana kwenye foleni ileile, wa tatu kutoka mbele.

Siku hiyo ya ubao, Faridah alikwenda nyumbani mbio. Alimkuta mama yake nyuma ya nyumba na ungo wake. Akamweleza yote, pumzi juu: ubao, chaki, sentensi, jina. Bi Aziza akaacha kupepeta.

"Wangapi wameandika?"

"Sitini na wawili, mama."

"Wameandika na Hemedi?"

"Wameandika."

Hemedi alikuwa baba yake Bi Aziza, mkulima wa mpunga, marehemu sasa, aliyesaini kwa kidole maisha yake yote. Bi Aziza alikaa juu ya gunia. Akafunika mdomo kwa pembe ya kitenge. Watoto barazani walikuwa wanaendelea kupiga kelele, naye alikuwa kama hawasikii. Faridah alifikiri mama yake analia kwa furaha tu. Kumbe kulikuwa na jambo linamsumbua.

"Mbona hukuniuliza na mimi?" akasema mwishowe.

"Nikuulize nini, mama?"

"Nilipata kwa nani. Maneno yale si yangu mimi. Ni ya mama yangu, bibi yako Rachida. Alikuwa anauza chumvi kule Kabambare. Yeye ndiye alinishika mkono, akanionyesha ukonzi unatangulia. Na yeye alisema alionyeshwa na mutu."

Faridah alimtazama mama yake, aliyemwona kila siku ya maisha yake, na mwili ukamsisimka kama siku ile ya karatasi ndefu. Akakaa chini, pale pale kwenye pumba. Akatoa fishi mpya mkobani, akaandika juu yake: Rachida, muuza chumvi, Kabambare.

"Haya, mama," akasema. "Nisimulie. Polepole."